Daftari la Wiki: Kitakachoingia Mtumbwini

Katika duka moja mjini Garsen wiki hii nimesimama mbele ya kitanda cha mtoto cha chipbodi, cheupe, chenye droo chini. Kijana aliyekuwa akikikagua alisema mkewe yuko Ozi, siku zake zimekaribia. Nikamwuliza: mto ukijaa, kitabebwa na nani? Chipbodi ikinywa maji huvimba, skrubu zikalegea, na hata ukiianika wiki nzima hairudi ilivyokuwa.

Swali hilo lina sababu. Ozi iko chini kabisa kwenye delta, jirani na Kipini, pale Tana inapokaribia bahari. Mwaka 2018 mafuriko yalihamisha watu wengi wa delta. Yakaja tena na El Niño mwishoni mwa 2023, kisha masika ya 2024 yakaongeza. Kwa hiyo huku nafasi hupimwa mara mbili: chumbani, halafu mtumbwini. “Basi ninunue nini, shangazi?” Beseni pana, nikamwambia, godoro jembamba lenye kifuniko cha plastiki, doti mbili za leso, na ndoo yenye mfuniko ya kutilia nguo za mtoto. Pesa itakayobaki aiweke kando iwe nauli ya kumfikisha mkewe hospitali, maana uchungu haungoji kupambazuke.

*

Sijaona kifaa cha mtoto kinachoishinda leso. Ni mbeleko asubuhi, shuka mchana, kivuli njiani, na ikishakunjwa inaingia mkobani. Mtoto akibebwa mgongoni mapaja yakiwa yamepanuka na magoti yameinuka, nyonga zake hukaa mahali pake. Madaktari wa mifupa wanalikubali hilo. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Bogotá, Colombia, hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kuwapa joto watoto njiti, madaktari waliwaweka ngozi kwa ngozi vifuani mwa mama zao. Leo Shirika la Afya Duniani linaupendekeza utaratibu huo kila mahali, hata penye mashine.

Mama akifunga mbeleko aangalie mambo mawili tu: pua iwe wazi, na kidevu kisikandamizwe kifuani.

*

Susu naipenda, lakini kwa mchana na mama akiwa karibu. Inafungwa kwenye boriti, haichukui hata shubiri ya sakafu, na kuku hamfikii mtoto. Ila kitambaa kikilegea katikati, mtoto mchanga hujikunja na pumzi ikabanwa. Usiku alale chali, mahali tambarare, bila mto wa kichwa wala nguo za kurundika pembeni yake. Tangu miaka ya 1990 nchi nyingi zimewahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua sana. Mkeka wa ukindu na godoro jembamba juu yake vinatosha, na asubuhi vyote vinasimamishwa ukutani. Na mtoto akianza kujiinua kukaa, susu iteremshwe.

*

Kuna jambo la Ozi ambalo mtu wa mjini hawezi kulihesabu: madumu. Maji ya bahari hupanda mtoni, hasa mto unapopungua, na maji matamu huwekwa akiba ndani. Ukuta mzima umeshachukuliwa. Kigari cha mtoto kitakaa wapi, na kitasukumwa wapi kwenye tope lile?

Beseni ni kitu kingine. Anaogeshewa mtoto, zinafuliwa nguo zake, na siku ya kuhama linapakiwa vyombo na kutiwa kichwani. Likishatumika limwagwe na kufunikwa hapo hapo. Mtoto anayetambaa huzama katika maji yasiyofika hata nusu ya ndoo.

*

Vile vineti vidogo vinavyofunguka kama mwavuli vinauzwa sana. Vinakunjika, kweli, lakini vingi havina dawa, na mtoto akishajua kubingirika huvisukuma akatoka. Neti kubwa yenye dawa, ile wanayopewa wajawazito kliniki, inamfunika mama na mtoto pamoja. Ifungwe juu mchana, ichomekwe chini ya godoro usiku.

Vigari vya kujifunzia kutembea sivitaki kabisa. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu vilikuwa vikiwaporomosha watoto ngazini. Ozi ngazi ni chache, lakini kuna jiko la mafiga chini na kuna ukingo wa mto.

*

Tangu mwaka 1938 serikali ya Ufini huwapa wajawazito sanduku la nguo na vifaa vya mtoto. Lilianza kwa akina mama wasiojiweza, na mwaka 1949 likawa la wote. Ndani mna kigodoro, na sanduku lenyewe hugeuka kitanda cha miezi ya mwanzo. Karatasi ngumu haitufai kwenye delta. Lakini beseni la plastiki lenye mfuniko, ndani yake kigodoro, leso, neti na sabuni, litafaa sana. Misaada ya mafuriko huja na mablanketi na sufuria, na mama mwenye mtoto wa wiki mbili hupewa sawa na jirani yake asiye na mtoto. Kaunti ya Tana River na mashirika yanayotusaidia waliweke beseni hilo kwenye orodha, na lifike Ozi kabla ya Machi, njia zikiwa bado zinapitika.