Tununue Vyuma au Kamba?

Katika kurasa hizi za Kiswahili nataka kusema neno juu ya fedha ambazo wanafunzi wa zamani wameitumia klabu yetu ya ngumi. Twawashukuru sana wakubwa zetu hao. Fedha zenyewe si nyingi, na kwa kuwa si nyingi ubishi umekuwa mkubwa. Wengi wa klabu wataka tununue vyuma vya kunyanyulia, ili miili ijengeke. Sisi wachache twataka kamba za kuruka, gunia la kupigia, glovu na kinga za meno, na kitakachobaki alipwe mwalimu wa ngumi aje kutoka Mbarara Jumamosi mbili za kila mwezi. Kura itapigwa kabla ya likizo. Mimi nitaipigia kamba, na sababu zangu ni hizi.

Yafaa wasomaji wajue kwamba ubishi huu haukuanza ulingoni. Ulianza mbele ya kompyuta, katika mchezo uitwao NetHack, uliotolewa mwaka 1987, ambao hata mashine kuukuu huuweza. Hauna picha za kupendeza. Ni herufi tu. Mtu wako ni alama ya @, naye hushuka chini ya ardhi ngazi baada ya ngazi, akipigana ana kwa ana na mazimwi. Akifa, amekufa, waanza tena toka mlangoni. Kila mtu hupewa hesabu ya nguvu na hesabu ya wepesi, na wenzangu husema: tazama, mwenye nguvu ndiye adumuye.

Katika mchezo ule wana haki. Wepesi wa 18 humwongezea mtu 4 katika kulenga shabaha, lakini pigo lake halizidi uzito hata chembe. Nguvu hulenga, huumiza, na tena hubeba mizigo; afikaye kikomo cha 18/100 huongezewa 6 katika kila pigo la upanga. Kama ningekuwa @, nami ningetafuta nguvu. Walakini kule chini adui haji kwa mizani. Leo wakuta panya, kesho joka. Nguvu hufaa sana mahali ambapo hujui utakutana na nani.

Ulingoni sivyo. Hapo twapimwa kwanza, na mtu hupewa mwenzake wa uzito wake. Rafiki yangu mmoja wa Nakivale, kijana mpana wa mabega, ameniuliza swali zuri kuliko yote niliyoyasikia: "Kama wepesi ungetosha, kwa nini wakagawa watu kwa uzito?" Kweli, uzito ni jambo kubwa, ndiyo sababu sheria imeuondoa katika ubishi. Lakini fikirini basi matokeo yake. Kijana akinyanyua vyuma mwaka mzima akaongeza kilo sita za misuli, mizani itampeleka daraja la juu, na huko atawakuta watu waliozaliwa na zile kilo sita. Atakuwa ametoka jasho jingi ili akutane na adui mzito zaidi. Aliyetumia mwaka huohuo kujifunza kukinga, kuinama na kurudisha pigo hubaki darajani mwake, na mizani haiwezi kuupima ustadi wake.

Uganda ina ushahidi wake. Leo Rwabwogo alipigana katika uzito usiozidi kilo 51; wengi wa bweni letu ni wazito kuliko yeye. Aliirudisha nyumbani medali ya shaba kutoka Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na ya fedha kutoka Munich mwaka 1972. Ayub Kalule alikwenda Japani mwaka 1979, akamshinda Masashi Kudo kwa pointi baada ya raundi 15, akatwaa ubingwa wa dunia. Ushindi wa namna hiyo, mbele ya watu wa mpinzani, hauji kwa ngumi moja.

Wapenda vyuma hunijibu kwa jina la John Mugabi, nami namheshimu. Alipata medali ya fedha mjini Moscow mwaka 1980, kisha akashinda mapigano yake 25 ya kwanza ya kulipwa, na yote 25 kabla ya raundi kwisha. Hiyo ni nguvu kweli. Tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler, akapigana kiume mno, akaangushwa raundi ya 11. Mtu amalizaye kazi mapema kila mara hana nafasi ya kujifunza yatakiwayo saa ikiwa imechelewa. Hayo ni maoni yangu tu. Wazee waliouona mchezo ule waweza kunisahihisha.

Wenzetu wa Kongo nao wana usiku wao, tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa. George Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapigano 40 bila kushindwa, 37 kwa kuwamaliza watu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Hapa wapenda wepesi wenzangu husimulia kwamba Ali alirukaruka kama kipepeo mpaka Foreman akachoka. Sivyo, na haifai kusema sivyo ili tushinde kura. Ali aliegemea kamba za ulingo, akafunika uso, akayapokea mapigo mikononi na mbavuni, mpaka raundi ya nane akaona mlango, akaingia. Mtu dhaifu asingeyavumilia mapigo yale. Kwa hiyo wepesi ninaoutetea hapa si miguu ya swala. Ni kujua pigo la mwenzako litatua wapi, na lako liondoke lini. Jambo hilo halimo katika chuma. Hufundishwa na mtu aliyelijua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo klabuni hatulisemi kwa sauti, nalo ni chakula. Ndani ya NetHack mna njaa pia, lakini njaa ile huwapata wote sawasawa, mwenye misuli na asiye nayo. Hapo mchezo wadanganya. Misuli hula. Shuleni twala posho na maharagwe, na anyanyuaye vyuma hutazama sahani ya jirani. Nusu ya klabu yetu hurudi likizo Nakivale, na mgao wa wakimbizi katika Uganda ulipunguzwa sana mwaka 2023. Sisi wa Endiinzi tuna migomba, hatuwezi kusema twafa njaa. Hata hivyo nyama si ya kila juma. Nimewaona wenzangu wakirudi muhula mpya, mabega yamepungua, kazi ya miezi mitatu imekwisha. Mchezo ule una jambo moja la kweli hapa: mtu wake akidhoofika kwa njaa, hesabu inayoshuka ni ya nguvu, si ya wepesi.

Tena kuna jambo dogo la mizigo. Vyuma vitabaki stoo shule ikifungwa, na ufunguo si wetu. Kamba huingia sandukuni pamoja na mashati, ikaenda mpaka kando ya ziwa Nakivale, na mdogo wako akajifunza nayo.

Sisemi vyuma ni vibaya. Fedha zikipatikana mwakani, tuvinunue, nami nitasaidia kuvibeba. Bali kwa fedha hizi tulizo nazo, mwalimu kwanza.

Kwenu wanafunzi wa zamani: najua baadhi yenu mlipata kuvaa glovu siku zenu. Mkutano wa kura utakuwa Jumapili ya mwisho wa muhula, alasiri, katika jumba la chakula. Hamtapiga kura, lakini mwenyekiti amekubali mgeni yeyote aliyewahi kupigana apewe dakika tano za kusema, hata akiwa wa vyuma.