Pads Hazina VAT Tangu 2004, Sasa Mbona Bei Bado Inauma?

Uliza msee yeyote kama pads zinafaa kutozwa ushuru na atakwambia zii, bila hata kufikiria. Periods si starehe, hakuna mtu alijaza form akaomba apewe. Na kwa hii story Kenya haikufuata mtu. Serikali ilitoa VAT kwa sodo 2004, tukawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Afrika Kusini ilifika Aprili 2019, Rwanda Disemba mwaka huo huo. Uingereza, na pesa zao zote, walingoja hadi Januari 2021.

Poa. Sasa ingia kwa duka ya mtaa wako uulize bei.

Pakiti ya kawaida ya pads nane inacheza kati ya finje na soo na kitu, inategemea brand. Ukiwa na job inaonekana kidogo. Lakini kuna madem wanamaliza pakiti mbili kwa mwezi, na kwa nyumba yenye mama na wasichana wawili, hiyo ni doh ya unga. Ndio maana mtaani kuna maduka zinafungua pakiti na kuuza pad moja moja, vile wanauza sigara na mafuta ya kupima. Hakuna mtu hununua pad moja kwa kupenda. Ananunua juu hapo ndio mfuko umefika, halafu anaivaa kutoka asubuhi hadi jioni na ilifaa kubadilishwa kila baada ya masaa machache. Boyz, msitoroke, hii ni story ya sister yako.

Kama VAT ilienda zaidi ya miaka 20 iliyopita, hii bei inatoka wapi?

Sehemu ya jibu iko kwa maneno mawili ya KRA yenye watu wengi hudhani ni kitu moja: exempt na zero-rated. Kwa risiti yako zinafanana, kote huoni ile 16%. Tofauti iko huko nyuma, kwa kampuni.

Chukua mkate wa kawaida, wenye uko zero-rated. Mwenye bakery analipa VAT kwa stima, kwa nailoni ya kupakia, kwa rent ya godown. Baadaye anaenda KRA kuclaim hiyo doh irudi. Anaweza kungoja, KRA si M-Pesa, lakini ni haki yake na anajua itarudi. Kwa hivyo hana sababu ya kukubebesha wewe.

Pads ziko kwa list ya exempt. Mwenye kuzitengeneza pia analipa VAT kwa stima, kwa rent, kwa matangazo, kwa lori ya kusambaza. Lakini yeye haruhusiwi kuclaim. Hiyo doh imeenda hivyo. Na vile hakuna kampuni iko hapa kufanya kazi ya Mungu, anaipachika kwa bei, na inateremka hadi kwa duka yako ikiwa haina jina. Tangu Julai 2023, VAT ya mafuta ya gari ilipotoka 8% ikaenda 16%, kusafirisha mzigo kumezidi kubeba ushuru. Tusidanganyane, si 16% mzima imejificha ndani ya pakiti, juu kuna malighafi za kutengeneza pads zenye pia zimesamehewa. Lakini si sufuri. Ukiambiwa pads hazina VAT, jua maana yake ni kwamba hazina VAT yenye inaandikwa kwa risiti.

So tuziweke zero-rated na story iishe? Hapana, pole pole. Angalia kwanza majirani.

Tanzania ilisamehe sodo VAT yao ya 18% mwaka wa 2018. Mwaka mmoja tu baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, akasoma bajeti na kusema ushuru urudi. Sababu yake ilikuwa kwamba bei haikushuka vile ilitarajiwa, faida ya msamaha haikumfikia mnunuzi. Na manze, hapo kwa kuona tatizo hakukosea. Ukitoa ushuru bila kumwangalia muuzaji, kuna uwezekano ataacha bei pale pale na kuweka tofauti kwa mfuko. Kosa lilikuwa dawa. Wafanyabiashara walishukiwa kukula discount, halafu bill ikarudishwa kwa msichana.

Kama shida ni muuzaji, deal na muuzaji. Hapa kwetu kuna Competition Authority, kazi yake ni kuangalia soko. Bei za leo ziandikwe mahali pa wazi, na za miezi sita baada ya ushuru kutoka ziandikwe kando yake, brand kwa brand. Kampuni yenye itaclaim doh kutoka KRA na bado iache bei juu, tuijue kwa jina. Ndio, hiyo claim itatoa kitu kwa mfuko wa serikali, na mtu wa Treasury atalia. Wacha alie. Serikali ilishaamua 2004 kwamba hii doh haifai kuwa yake.

Na usidhani ushuru ukitoka hauwezi kurudi na nguo ingine. Unakumbuka Finance Bill 2024. Kati ya vitu vilitupeleka barabarani ni Eco Levy, yenye ilikuwa itoze diapers 150 bob kwa kila kilo. Hofu ikaingia haraka kwamba pads pia zimo. Tarehe 18 Juni serikali ikarudi nyuma kidogo, ikasema levy itabaki kwa bidhaa za kutoka nje, na kwamba za kutengenezwa hapa, sodo zikiwemo, hazitaguswa. Ilisikika kama ushindi hadi ukumbuke ni pads ngapi kwa rafu za supermarket zimetoka nje. Wiki moja baadaye, 25 Juni, unajua yenye ilifanyika. Kesho yake Rais akakataa kuweka sahihi na Bill nzima ikaondolewa. Cheki vizuri lakini: hakuna mtu aligusa VAT ya sodo kwa hiyo plan. Walikuwa wanapitia mlango wa mazingira.

Kuna wenye watasema ushuru ni story ndogo, serikali inapeana bure. Kwa karatasi ni ukweli. Sheria ya elimu ilibadilishwa Juni 2017, inasema kila msichana aliyebaleghe kwa shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha na za ubora, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Sheria noma sana. Lakini soma tena hapo kwa "shule ya umma". Shule kibao za mabati Mukuru na Kibera si za serikali. Msichana wa huko hayuko kwa hiyo list, wala yule aliacha shule kwa kukosa fees, wala yule wa miaka 20 anauza nguo Gikomba. Na hata kwa shule za umma, neno "za kutosha" lina kazi nyingi ya kufanya. Katoni zikifika na Women Rep na kamera mara moja kwa term, periods zinakuja kila mwezi. Hawa wote wanarudi kwa duka, na kwa duka kuna ile bei.

Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na suti nyeupe yenye doa jekundu, na Spika Amason Kingi akamwambia atoke akabadilishe. Watu wakabishana kuhusu suti. Kuhusu bei, wachache.

Finance Bill huletwa bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, halafu kamati ya Fedha inachukua maoni ya wananchi, kawaida Mei. Huhitaji wakili kuandika memo, sentensi mbili zinatosha: toeni sodo kwa list ya exempt mziweke zero-rated. Na mtuonyeshe bei, kabla na baada.