Tahariri: «Hata mimi ningeifanya» haitoshi kumnyima mvumbuzi haki yake

Kuna maneno yenye kuua kazi za vijana wetu kama vile kukosa franga kunaziua. Ni haya: «Ile nayo ni kitu gani? Hata mimi ningeifanya.» Yanasemwa sokoni, yanasemwa ku ofisi, na mara zingine yanasemwa na jamaa ya mvumbuzi mwenyewe. Yanasemwa zaidi wakati kitu kile ni chepesi: mfuko, sanduku, kifuniko cha bidoni, kitanda cha kuwekea viazi.

Tunataka leo tuyaangalie maneno hayo kwa karibu, kwa sababu katika sheria ya uvumbuzi yako na uzito. Kwa inchi nyingi, ofisi ya serikali inaweza kukataa ombi la mvumbuzi kwa sababu hiyo moja: kwamba kitu chake kilikuwa wazi kwa fundi yeyote. Mara nyingi ofisi iko na haki. Mara zingine haina. Tofauti iko kwa ushahidi, na vijana wetu wanapaswa kuijua mbele ya kutumia franga zao.

Tuseme kuna fundi wa mbao Kadutu, Bukavu. Mama yake anauzisha unga wa muhogo. Kila mara unga mpya unamwangwa juu ya unga wa zamani, na ule wa chini unakaa mpaka unaota ukungu. Fundi anatengeneza sanduku: unga unaingia kwa juu, unatoka kwa mlango mdogo wa chini. Sasa unga wa zamani ndio unatoka wa kwanza. Mama anafurahi, majirani nao wanaomba. Fundi anawaza kutafuta hati ya uvumbuzi, ile sisi tunazoea kuita breveti, ili watu wasimwibie wazo lake. Je, ataipata?

Kwa inchi zenye kuchunguza kweli, mchunguzi atauliza maswali matatu. Kitu ni kipya? Kinaweza kutengenezwa na kutumiwa? Na je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo, mwenye kujua yote yaliyokwisha kutangazwa, angekifikia bila shida? Kwa swali la kwanza, mchunguzi anapaswa kuonyesha kitu kimoja cha zamani chenye kila sehemu ya sanduku. Kwa swali la tatu anaweza kuunganisha vitu viwili ao vitatu. Atachukua karatasi moja juu ya ghala ya nafaka yenye kufunguka kwa chini, ataweka karibu yake picha ya sanduku la unga, kisha ataandika: kuunganisha hivi viwili, fundi yeyote angefanya. Ombi linarudishwa.

Fundi wetu atakasirika. Lakini katika hali hii mchunguzi hakukosea. Kutoa nafaka kwa chini ni jambo la zamani sana, na kulihamisha kutoka ghala kubwa mpaka sanduku dogo hakuleti kitu ambacho watu hawakujua. Marekani ilikata neno kama hilo tangu mwaka 1851. Watu walikuwa wanatengeneza vishikio vya milango kwa mbao na chuma. Wengine wakavitengeneza kwa udongo wa kuchomwa, wakaomba ulinzi. Mahakama Kuu ikajibu kwamba kubadilisha tu kitu kwa kingine, bila kuonyesha akili zaidi ya fundi wa kawaida, si uvumbuzi.

Sheria hiyo ngumu inatulinda sisi pia. Mama zetu wanachanganya majivu na maharagi ili wadudu wasiyaharibu. Kama hakungekuwa mtu wa kuuliza «hii haikujulikana?», mgeni angeweza kurudi na karatasi yenye kusema majivu ni yake. Jambo la aina hiyo limekwisha kutokea. Mwaka 1995, Marekani ilitoa hati juu ya kutumia manjano kwa kuponyesha vidonda, kitu chenye familia za India zinafanya tangu zamani. Taasisi ya utafiti ya serikali ya India ilipinga, ikaleta maandiko ya zamani, na mwaka 1997 hati ikafutwa. Tuangalie vizuri ni nini iliwashindisha: maandiko. Hawakushinda kwa kusema tu «kila mtu kwetu anajua».

Na kanuni hiyo ya ushahidi inapaswa kumfunga mchunguzi vilevile. Hapo ndipo kesi moja ya Marekani inatufundisha, kesi juu ya mfuko wa takataka.

Wavumbuzi wawili, Anita Dembiczak na Benson Zinbarg, walitengeneza mfuko mkubwa wa plastiki ya rangi ya machungwa, wenye macho, pua na mdomo vilivyochorwa. Ukiujaza majani makavu ya kiwanja, unavimba na kufanana na boga lenye uso, lile Wamarekani wanapamba nalo nyumba siku ya Halloween. Ni mfuko wa kawaida, umechorwa uso. Ofisi ya breveti ilikataa. Iliweka pamoja mifuko ya kawaida ya takataka na vitabu vyenye kufundisha watoto wa masomo namna ya kutengeneza boga kwa mfuko wa karatasi uliojazwa magazeti. Ikasema: kila kitu kilikuwa kimejulikana, ilibakia tu kuunganisha.

Mwaka 1999, mahakama ya rufaa yenye kushughulikia mambo ya breveti ilivunja uamuzi huo. Haikusema kwamba mfuko ule ni ajabu ya dunia. Ilisema ofisi haikuonyesha ni nini ingemsukuma fundi wa mifuko ya takataka aende kuchukua wazo ndani ya mchezo wa watoto. Ofisi ilianza kwa jibu la wavumbuzi, kisha ikarudi nyuma kutafuta vipande vyake. Mahakama ikakumbusha kwamba hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa vitu vyepesi, kwa sababu kitu chepesi, ukikwisha kukiona, kinafanana na kitu ulichokijua siku zote.

Kuna wenye watasema kesi hiyo ni ya zamani. Ni kweli kwamba mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kesi ya kikanyagio cha mafuta cha gari, ililegeza kidogo kanuni hiyo. Ilisema si lazima kupata andiko lenye kusema «unganisha hiki na kile». Fundi wa kawaida naye ako na akili yake, si mashini. Lakini mahakama ileile ilidai sababu zielezwe waziwazi, na ikaonya tena juu ya akili ya kisha mambo kutokea.

Ofisi ya Breveti ya Ulaya ina namna yake ya kuuliza, na kwa Kiswahili inaingia vizuri. Haiulizi kama fundi *angeweza* kufanya kitu kile. Inauliza kama *angekifanya*, akiwa na shida ile mbele yake na bila kujua jibu. Mtu mwenye gongo, kamba na kitambaa angeweza kutengeneza vitu elfu. Swali ni kama kulikuwa sababu ya kumpeleka kwa kile kimoja.

Mfano mwingine uko karibu na mashamba yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani, pamoja na watafiti wa Kamerun, walitafuta namna ya kulinda kunde bila dawa ya sumu. Jibu lao, lenye kujulikana leo kama mifuko ya PICS, ni mifuko mitatu: miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kusokotwa nje, kila mmoja ukifungwa kwa nguvu. Wadudu wanamaliza hewa yenye iko ndani, wanaacha kula, wanakufa. Hapa hatuzungumzii kama kuna breveti ao hakuna. Tunazungumzia macho ya watu. Plastiki ilikuwa sokoni, kamba ilikuwa sokoni, wadudu walikuwa ndani ya kila gunia. Hata hivyo wakulima waliendelea kupoteza mavuno yao. Leo mtu akiuona mfuko ule anasema: «Ni hiyo tu?»

Ndiyo sababu mahakama za Marekani, tangu kesi kubwa ya mwaka 1966, zinakubali kuangalia mambo ya nje ya karatasi. Shida ilidumu miaka mingapi bila jibu? Wengine walijaribu wakashindwa? Watu wananunua kitu kwa sababu ya uvumbuzi wenyewe, ao kwa sababu ya bei na matangazo? Hayo ndiyo majibu ya kweli kwa «hata mimi ningeifanya». Kama ungeifanya, na shida ilikuwa nyumbani kwako kila siku, mbona haukuifanya?

Turudi kwa fundi wa Kadutu. Barua ya kukatazwa si mwisho wa njia. Kwa inchi zenye kuchunguza, ni mwanzo wa mazungumzo: mwombaji anaweza kujibu, kupunguza madai yake, kisha kukata rufaa. Tuseme sanduku lake liko na kitu kingine ambacho hakukitaja, kwa sababu alikiona kidogo. Unga wa muhogo, kwa unyevu wa Bukavu, unashikamana na hautelemuki. Yeye alifunga waya nyuma ya mlango, hivi kwamba kila mara mama anafungua, waya inakwangua sakafu yenye kuinama na unga unashuka. Pale ndipo kunaweza kuwa uvumbuzi. Kama anadai «sanduku lenye mlango chini», atakosa vyote. Kama anadai mlango wenye kukwangua unga kwa mwendo wake mwenyewe, anaeleza ni shida gani unamaliza na anaonyesha kwamba masanduku mengine yalishindwa, mchunguzi atalazimika kutafuta zaidi.

Na Congo yetu? Sheria yenye kuongoza mambo haya ni ile namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, ya wakati wa Zaïre. Maombi yanapelekwa kwa wizara ya viwanda. Uchunguzi unaofanyika ni zaidi wa karatasi: fomu, maelezo, michoro, malipo. Hakuna mtu mwenye kutafuta kwa undani kama kitu kilikuwa wazi ao hapana. Mtu anaweza kufurahi: kumbe hapa kwetu hawakatai! Ni furaha ya muda mfupi. Swali ambalo ofisi haikuuliza litaulizwa na adui wako siku ya kwanza mbele ya tribinali, wakati umekwisha kutumia franga, na jaji hana faili ya mchunguzi ya kumsaidia. Karatasi isiyojaribiwa ni kama daraja ambalo gari halijapita juu yake.

Tena, hati ya Kinshasa inalinda ndani ya Congo tu. Inchi yetu haiko ndani ya OAPI yenye makao Yaoundé, wala ndani ya ARIPO yenye makao Harare, ambamo majirani zetu Uganda, Rwanda na Tanzania wamo. Congo iko ndani ya Mapatano ya Paris tangu 1975, na mapatano hayo yanampa mwombaji miezi 12 ya kupeleka ombi lake kwa inchi zingine akihifadhi tarehe yake ya kwanza. Fundi ngapi wa Bukavu, Butembo ao Uvira wanajua jambo hilo? Na kutoka kwetu mpaka Kinshasa hakuna barabara. Kuna ndege, na bei yake inapita bei ya masanduku mengi ya unga.

Tunaomba mambo matatu kwa viongozi.

Kwanza, sheria ya 1982 irekebishwe, na iweke ulinzi mfupi kwa vitu vyepesi. Kenya inatoa hati ndogo ya miaka 10 kwa kitu kipya chenye kutumika, bila kudai kile kiwango kikubwa cha akili kinachodaiwa kwa breveti. Kwa masanduku, vifuniko na mifuko ya mafundi wetu, hiyo ndiyo nguo yenye kuwaenea.

Pili, ombi liweze kupokelewa majimboni, na tarehe ya kupokelewa huko ihesabiwe.

Tatu, siku Congo itaanza kuchunguza kweli, mchunguzi alazimishwe kuandika sababu zake: vitu gani vya zamani, vya tarehe gani, na kwa nini fundi angeviunganisha. Kumkataza mtu kwa neno moja la «iko wazi» ni kumrudisha sokoni kwa wenye kumcheka.

Kwa vijana wenyewe, tunasema hivi. Mbele ya kuonyesha kitu chako kwa maonyesho ao kwa simu, peleka ombi, kwa sababu kwa inchi nyingi kitu kilichokwisha kuonyeshwa watu wote hakihesabiwi tena kuwa kipya. Andika ndani ya kayee, kwa tarehe, kila jaribio lililoharibika. Makosa yako ndiyo yataonyesha kwamba jibu halikuwa rahisi. Usiseme tu kitu chako ni kizuri, eleza ni shida gani wengine walishindwa kumaliza. Na ukiambiwa «hata mimi ningeifanya», usikasirike. Uliza kwa upole: lini, wapi, na karatasi iko wapi?