Kelele za Mburahati zimenifuata Ulaya

Nipo likizo nyumbani Ulaya. Acheni kucheka, ni Ulaya ya Kilosa, ile unayofika umejaa vumbi. Kwenye simu nimekuja na albamu moja tu, Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, iliyotoka 2024 kwa Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Tangu juzi sijasikiliza kingine.

Jamani ile spidi! Singeli kawaida inapita mapigo 200 kwa dakika, na humu kinanda cha Maiko kinakimbia kama kimeiba kuku. Hawakukaa kuusafisha. Sauti zinakwaruza, zinagongana, zinapandana. Mjomba kasikia, akauliza kama simu imeingia maji. Nimecheka, ila swali lake limenikaa kichwani.

Ule mkwaruzo si ubovu. Muziki huu umekulia kwenye vigodoro vya uswahilini Dar, spika zinalia mpaka zinataka kupasuka na hakuna anayekaa. Mapanki wa Uingereza kina Discharge, miaka ya 1980 mwanzoni, walipiga hivyo hivyo, haraka na chafu, na leo wanaheshimiwa. Sisi wa kwetu tunawaita wahuni, mpaka Ulaya ile nyingine iwapigie makofi kwanza.

Kuna jamaa chuo anasema wapunguze spidi, ndiyo redio zitaipiga. Bwana we, ukipunguza unabakiza nini? Mimi sitaki. Jumatatu narudi hosteli na spika ya kuazima, majirani mjiandae.