Ukichukua watoto, chukua na kazi yao



Huenda uliitazama ile tamthilia ya kuchekesha ya Jamie Foxx, Dad Stop Embarrassing Me!, iliyotoka Netflix Aprili 2021. Baba hana mke, binti yake kigoli anahamia kwake, na kila analofanya baba linamtia mtoto aibu. Foxx aliitoa kwenye maisha yake na binti yake Corinne. Iliishia msimu mmoja, vipindi 8 tu.

Kwenye televisheni baba akishindwa tunacheka. Akishindwa kule Katesh au Mbulu, anayelipa ni mtoto. Kwa Wairaqw na Wabarbaig mtoto huhesabiwa wa ukoo wa baba, na wazazi wakiachana si ajabu watoto kubaki kwake. Lakini tazama anayeamka alfajiri kuchota maji na kuinjika makande: ni bibi, au binti wa miaka 14 aliyetakiwa kuwa darasani. Kaka yake yuko na ng'ombe. Baba kachukua watoto, kazi kawaachia wengine.

Na sisi Visiwani tusijitoe. Sheria ya Ndoa ya 1971 kule Bara inatanguliza maslahi ya mtoto, na inachukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 ni bora akae na mama. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akifika umri wa kupambanua huulizwa anataka kukaa na nani. Kote huko anayeangaliwa ni mtoto, si nani kashinda. Ila akishakwenda kwa baba, tunasema mtoto wa kike hulelewa na mwanamke, tunampeleka kwa shangazi, kisha tunamlaumu baba kuwa hamjui mwanawe!

Mimi naona baba anaweza. Luqman katika Qur'ani alimuusia mwanawe mwenyewe: sala, subira, adabu ya kutembea na kusema. Hakumtuma mtu. Baba wa Hanang naye anaweza kumnunulia binti yake taulo za kike bila haya, na kwenda mwenyewe kikao cha wazazi shuleni. Shangazi asaidie tu, na mama asifungiwe mlango wa kuwaona wanawe.

Basi kaka yako akibaki na watoto, usimwondolee mzigo wote kwa huruma. Mwoneshe jikoni, kisha mwache apike. Watoto watamcheka, naam, lakini watakuwa wanacheka na baba yao.