Betri ya sola ikifa dukani, iende wapi? Biashara za Singida na taka za teknolojia

Biashara ya kijijini siku hizi haiendi bila umeme na simu. Kinyozi wa Ikungi ana mashine ya kunyolea, wakala wa fedha wa Kiomboi ana simu mbili au tatu mezani, na mwenye steshenari Nduguti ana kompyuta na mashine ya kutoa kopi. Mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, paneli ya sola na betri ndizo zinazoendesha kazi. Vifaa hivi vimeleta kipato na tunavihitaji. Lakini kila kimoja kina siku yake ya kufa, na hapo ndipo linapoanza swali ambalo halijapata jibu la wazi vijijini kwetu: kikifa, kiende wapi?

Katika makala haya tunaangalia swali hilo kwa upande wa mfanyabiashara mdogo wa Singida: sheria inasema nini, hatari iko wapi, na nini kinawezekana bila kuongeza gharama.

Hatari iko ndani ya betri

Tuanze na betri kubwa ya sola au ya gari, ile ya maji. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na ndani yake mna tindikali. Ikiwa nzima haina shida. Shida huanza inapopasuliwa kwa shoka ili kutoa risasi, na tindikali ikamwagwa chini. Tindikali hiyo hubeba vumbi la risasi, na risasi haiozi wala haipotei. Hubaki kwenye udongo miaka mingi, mahali kuku wanapochakura na watoto wanapocheza.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na hudhuru ubongo wake, hata uwezo wake wa kujifunza. Kwa mkoa mkavu kama wetu, ambako vijiji vingi vinategemea visima, kumwaga tindikali karibu na kisima si jambo dogo.

Jirani zetu Kenya wamelipia somo hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi pembeni ya nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi, watoto wakiwamo, walikutwa na risasi kwenye damu. Mwanaharakati Phyllis Omido aliongoza madai yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ilipingwa na kutenguliwa katika rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Ni miaka kumi tangu kiwanda kufungwa. Fedha huweza kulipwa, lakini afya ya mtoto hairudi kwa hukumu.

Sheria ipo, njia ndiyo ndefu

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitoka kanuni mahsusi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Anayekusanya au kusafirisha taka hatarishi anatakiwa kuwa na kibali.

Kwenye karatasi mambo yamekaa sawa. Ila kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam, ambako ndiko viwanda na wafanyabiashara wakubwa waliko, ni karibu kilomita 700. Mwenye betri moja iliyokufa hawezi kuisafirisha umbali huo. Anayemfikia mlangoni ni mnunuzi wa chuma chakavu, mwenye mizani na fedha taslimu.

Hapa hatupaswi kumlaumu mnunuzi huyo bila kufikiri. Risasi ya betri huweza kuyeyushwa na kutengenezewa betri mpya tena na tena, kwa hiyo biashara yake, ikifanywa vizuri, ina faida kwa mazingira. Kosa ni kuipasua betri kijijini au kuimwaga ili iwe nyepesi kubeba. Kwa hiyo sharti la muuzaji liwe moja: betri iondoke nzima, imesimama wima, na tindikali yake ndani. Na kabla ya kupokea fedha, muulize mnunuzi kibali chake.

Kwa simu, taa ndogo za sola na chaja, tatizo ni kinyume. Hakuna anayezinunua, kwa hiyo huishia shimoni au motoni. Nyaya huchomwa ili kupata shaba, na moshi wake ni sumu. Si tatizo letu peke yetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaonesha dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Kinachowezekana sasa

Hatua ya kwanza ni kuchelewesha kifo cha kifaa, na hii inaokoa fedha zako mwenyewe.

- Usiinyonye betri ya maji hadi iishe. Ikifika nusu, punguza matumizi. Betri inayomalizwa kila usiku hufa mapema sana.
- Funga chaji kontrola, na ongeza maji yaliyosafishwa ya betri tu, si ya kisimani.
- Futa vumbi kwenye paneli, hasa miezi ya kiangazi. Paneli chafu haiijazi betri.
- Unaponunua simu ya biashara, piga *#06# upate namba yake ya utambulisho, kisha itume kwenda 15090 kuihakiki. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa nazo walibaki na taka mkononi.
- Mpe fundi simu mbovu kabla ya kununua nyingine. Hata ikishindikana, vipuri vyake vinafaa.

Hatua ya pili inahitaji watu wengi. Betri moja haina nguvu ya kuita gari lenye kibali, lakini betri na simu mbovu za kata nzima zinaweza. Vyama vya ushirika vinavyokusanya alizeti tayari vina maghala, mizani na usafiri wa kwenda mjini. Sehemu yenye sakafu ya saruji na paa, mbali na mazao na chakula, inatosha kuwa kituo cha kukusanyia.

Hatua ya tatu ni ya wanaouza. Kampuni zinazokopesha sola hufika hadi vijijini kuleta vifaa na kufuata malipo. Gari linaloleta betri mpya linaweza kurudi na ile iliyokufa. Tunaona hilo liwe sharti la kuuza, si hisani, kwa sababu si haki faida iende mjini na sumu ibaki kijijini.

Sheria ile ya 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji, na kila halmashauri inatakiwa kuwa na afisa mazingira. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Msikilizaji wetu, katika mkutano ujao uliza maswali mawili: kamati yetu ya mazingira ni akina nani, na betri zilizokufa za kijiji hiki zinapelekwa wapi? Kama jibu halipo, liandikwe kwenye muhtasari na lipelekwe halmashauri.