Kila ua Rungwe upate mchaichai

Chai imeota mizizi Rungwe. Wajerumani waliipanda Kyimbila mwaka 1904, miaka miwili baada ya kuijaribu Amani kule Usambara, na hadi leo wakulima wadogo wanaozunguka Tukuyu huchuma majani mabichi na kuyapeleka viwandani, Katumba na Mwakaleli. Lakini jani hilo haliingii moja kwa moja kwenye birika la aliyelichuma. Lazima linyaushwe, lisagwe, lichachushwe, kisha likaushwe kwa joto. Ndiyo maana mwenye shamba la chai naye hununua majani ya chai dukani kama watu wengine.

Mchaichai hauhitaji kiwanda. Majani matatu manne yakikatwa asubuhi, yakaoshwa na kufungwa fundo, yanatosha sufuria ya familia. Wilaya yenye mvua kama hii, udongo wa volkano na samadi ya ng'ombe wa maziwa karibu kila nyumba, haina sababu ya kuwa na ua usio na mmea huu. Ulipo, mara nyingi umesahaulika kando ya bafu, umezeeka, katikati pamekauka, na hakuna anayeugawa.

Kuugawa ndiko kazi yenyewe. Mchaichai hutoa maua kwa nadra, kwa hiyo hauzalishwi kwa mbegu. Shina kubwa hung'olewa, vikonyo vikatenganishwa kila kimoja na mizizi yake, majani yakapunguzwa ili yasinyonye maji yote, kisha vikapandwa umbali wa hatua moja hivi. Baada ya miezi minne hadi sita uvunaji unaanza. Mkato uache sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, maana anayekata hadi chini huua machipukizi. Kila baada ya miaka mitatu au minne shina ligawanywe tena.

Mvua ya Tukuyu ni neema, ila inaweza pia kuwa adui. Mchaichai hupenda unyevu lakini huoza miguu ikisimama majini, hivyo bondeni upandwe juu ya tuta. Kwenye miteremko mambo ni mazuri zaidi: ukipangwa mstari mmoja kukingama mteremko, mizizi yake hushika udongo ambao vinginevyo ungeishia mtoni. Baridi ya Juni na Julai huupunguza kasi. Kyela, kule chini kwenye joto la Ziwa Nyasa, hukua haraka kuliko milimani, na mkulima wa Rungwe asikate tamaa akiona wake umedumaa miezi hiyo.

Jikoni, uchemshwe kwanza kwenye maji, maziwa yafuate. Ukiwa peke yake hauna kafeini, hivyo kikombe cha jioni hakimnyimi mtoto usingizi. Chai nyeusi inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na mboga za majani. Kwa mama mjamzito, hilo si jambo dogo. Majani ya akiba yakaushwe kivulini, kwa sababu jua kali hufukuza harufu, na harufu ndiyo mali yenyewe.

Mali hiyo ni mafuta, ambayo sehemu yake kubwa ni sitrali. Kule Pemba, kiwanda cha makonyo cha Chake Chake, kinachojulikana kwa mafuta ya karafuu, hukamua pia mafuta ya mchaichai.

Hata hivyo, mmea huu usibebeshwe mzigo usio wake. Wakati wa Uviko-19 majani yake yaliingia kwenye nyungu za kujifukiza nchi nzima, na hadi leo wapo wanaoutangaza kuwa dawa ya kila kitu. Sivyo. Pia kuupanda dirishani hakufukuzi mbu, kwa kuwa mafuta hubaki ndani ya jani mpaka livunjwe au likamuliwe. Chandarua kibaki kitandani, na mwenye homa aende zahanati akapimwe malaria.

Shule zenye bustani na maofisa ugani wa kata wanaweza kuanza kwa kugawa vikonyo, kwani shina moja kubwa hutoa miche ya nyumba kadhaa. Mvua za Novemba zikishika, mwombe jirani vikonyo vichache, uvipande karibu na mlango wa jiko, na ukifika mwaka wa tatu umpe mwingine.